Kumi na Moja ya Simu

Tangu amalize kidato cha nne, Deo hajui kutulia. Wiki hii kichwa chote kiko kwenye nyota yenye mkia, ile inayotokea kabla jua halijachomoza. Programu ya ramani ya anga ipo kwenye simu ya dada yake, Irene, na Irene anarudi Dar na basi la asubuhi. Simu nayo inaondoka. Alfajiri hii ikipita, basi tena.

Saa kumi na moja hiyo, wamesimama nyuma ya nyumba yao mtaani Bigwa, Irene kajitanda khanga, begi liko mlangoni. Deo akaandika saa kwenye programu. Kidoti cha nyota kikatokea juu, karibu na utosi wa anga.

"Iko wapi sasa?"

"Juu, dada. Juu kabisa."

"Shingo inaniuma, we Deo."

"Macho yako bado yamelala."

"Na yako yanaota." Irene akampokonya simu, akaikodolea. "Hebu njoo. Hili jua linatafuta nini hapa?"

Deo akachungulia. Kweli, jua limechorwa, njano, limeshapanda. Na huku nje bado giza, hata mlima ulio mbele yao hauonekani!

"Umeandika saa ngapi?"

"Kumi na moja. Moja na mo..." Akaitazama tena simu. Kumbe simu haihesabu saa kama wao. Moja na moja ya simu ni saa tano asubuhi, watu wako kwenye chai.

Irene alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Deo akaichukua simu, akafuta haraka, akaweka tano, ndiyo kumi na moja ya kwao. Kidoti kikaporomoka hadi mashariki, chini kabisa.

Pikipiki ikapiga honi barabarani. "Da' Irene, basi litakuacha stendi Msamvu!" Ni Luqmani wa bodaboda, ambaye Deo amemsimulia wiki nzima habari za nyota na simu.

"Ngoja kwanza!"

Wakazunguka nyumba mbio. Pale, juu kidogo ya banda la kuku la jirani yao mama Lucy, kulikuwa na nyota yenye ukungu, mkia umesimama juu yake kama chaki iliyofutwa kwa kidole.

"Haa!" Irene akasema.

Luqmani akazima pikipiki, akaja naye. "Ndo ile? Na mke wangu kesho nimwonyesheje, simu si inaondoka?"

Deo alikuwa ameshamrudishia Irene simu yake, bila hata kukumbuka kwamba kuondoka kwa simu hiyo kulikuwa kunamuuma.

"Mlete hapa. Aangalie juu ya kuku."