Forfe ya Familia Moja

Asubuhi ya Jumanne, katika duka lake la ushonaji karibu na soko la Muyinga, Radjabu alikuwa akimpima mwalimu Anisia mabega. Alimuuliza mikono ya gauni aikate mirefu au mifupi. Anisia alijibu, midomo ilicheza, meno yakaonekana, sauti haikutoka. Radjabu akashusha futi mpaka kwenye kifundo cha mkono, Anisia akatikisa kichwa. Akaipandisha mpaka kwenye kiwiko, Anisia akakubali. Gauni likakatwa mikono mifupi, na mwalimu akatoka kwenda shuleni, ambako nusu ya darasa haikumsikia.

Sababu ilijulikana kabla ya adhuhuri. Zilikuwapo kampuni mbili za simu, Vuga na Ndakumva. Kwa Kirundi, ya kwanza maana yake ni sema, ya pili ni nakusikia. Waliobuni majina hayo walilipwa vizuri. Kampuni hizo zilikuwa zimegombana juu ya nani amlipe mwenzake pale mteja wa huku anapompigia wa kule, kisha zikakatiana njia. Mwanzoni zilishindwa kupita simu tu. Jumanne ile mkato ukafika mezani. Mtu wa Vuga hakumsikia tena mtu wa Ndakumva, hata kama walikula sahani moja.

Muyinga haikushtuka. Mji ulikwishazoea kukosa petroli na kukosa umeme, sasa ulikosa na hili. Wauza maharage walijipanga upya, wa Vuga upande wa bucheri, wa Ndakumva upande wa mitumba. Watoto walihesabiwa kuwa wa kampuni ya simu za mama zao. Wako wanandoa waliosema nyumba imetulia. Wasiokuwa na laini kabisa walisikika na kila mtu, lakini hao hakuna aliyekuwa akiwasikiliza tangu zamani.

Radjabu alikuwa mtu wa Ndakumva. Binti yake wa pekee, Yasmina, aliyekuwa Gitega akiuza vitenge na shangazi yake, alikuwa wa Vuga, na ndoa yake ilikuwa imekaribia.

Radjabu alitoa laini kwenye simu, akaitia ndani ya pasi ya makaa, akapiga nayo suruali ya mteja mpaka laini ikayeyuka. Kisha akatoka kumsalimia jirani wa Vuga. Jirani aliangalia mdomo wake, akainua mabega. Ndipo Radjabu akaenda kwa Vumilia.

Vumilia alikulia kambini Tanzania, akarudi na Kiswahili kilichonyooka, na kampuni zote mbili zilimpenda kwa hilo. Alikaa chini ya mwavuli wenye rangi za pande zote mbili, akauza laini za pande zote mbili.

"Laini umeichoma, mzee wangu, lakini sauti ilishasajiliwa," alisema. "Sauti inabaki ya kampuni. Imo kwenye masharti."

"Mi sikusoma masharti."

"Hakuna anayesoma. Ulibonyeza moja." Akaweka laini nyingine mezani, taratibu, kama mtu anayeweka dawa. "Hii ni ya Vuga, na ina kifurushi, forfe ya Familia Moja. Unajiunga kwa wiki. Unamsikia mwanao, naye anakusikia. Ikiisha, unajiunga tena."

Radjabu aliitazama ile laini bila kuigusa.

"Mi nilimuzaa. Mama yake alikufa mapema, mi ndiye nilimufundisha kusema baba. Leo ninunue ruhusa ya kumusikia?"

"Wengi wameshanunua, mzee."

"Ndiyo maana wanawazarau."

Vumilia hakukasirika. Aliirudisha laini ndani ya boksi na kumtakia mchana mwema kwa niaba ya kampuni zote mbili.

Habari za harusi zilipitia kwa Ilyasi, mdogo wake Radjabu, aliyefanya biashara mpaka ng'ambo ya mpaka wa Kobero na kwa hiyo alikuwa na laini zote na forfe juu yake. Yasmina alituma neno kwamba yeye atanunua ya Ndakumva, asimsumbue mzee. Radjabu akakataa hilo pia. "Mwambie asinunue. Akinunua yeye, nikanunua mi, kampuni zitasema zimekua. Nitakuja, nitamuangalia kwa macho."

Akapanda teksi ya Probox mpaka Gitega, kanzu yake mpya imekunjwa kwenye mapaja.

Ndoa ilifungiwa sebuleni kwa shangazi. Nje, Vuga walikuwa wametundika bango la pongezi bila kuombwa. Radjabu akashika mkono wa bwana harusi, Twaha, fundi magari, kijana mwenye adabu, na kutamka kwa sauti yake nzito kwamba anamwoza binti yake. Twaha akabaki anamtazama, anangoja aanze.

Sheikh Othmani, ambaye kwa kazi yake alikuwa na laini zote na forfe zake, akakohoa.

"Mzee Radjabu, mi nakusikia vizuri. Lakini bwana harusi hasikii, na mutu hawezi kukubali neno hakusikia. Weka wakili."

Radjabu akaachia mkono wa Twaha. Ilyasi akakaa mahali pake, akasema maneno yale yale, Twaha akayasikia, akakubali, wanawake wa Vuga wakapiga vigelegele. Wanawake wa Ndakumva walipiga vyao. Sheikh akapokea chai, akaondoka, kwani alikuwa na ndoa nyingine mtaa wa pili.

Wakati wa kuaga, Radjabu alimsimamisha Yasmina mlangoni. Hakuwa amepanga kusema mengi. Alianza, na alipoanza akakuta yapo. Ilyasi alisimama kati yao akipokea huku na kupeleka kule.

"Anasema siku mama yako alikuzaa, mvua ilinyesha, hakukuwa gari. Anasema alikubeba yeye mwenyewe kutoka hospitali, ulikuwa munyamavu sana, akaogopa. Anasema kama siku moja huko kwa bwana yako utaona..."

Hapo Ilyasi akakatisha, akagusa sikio. Forfe yake ilikuwa imekwisha, na laini bila forfe haivushi sauti. Ilyasi alilisema hilo, na Yasmina hakulisikia hata hilo. Wakala wa Vuga, mwenye fulana mpya getini, alieleza kwa ishara kwamba nyingine haipatikani, mtambo umelemewa na harusi za Jumamosi, wajaribu jioni.

Radjabu aliona mdomo wa mdogo wake umesimama, lakini yeye hakuweza kusimama. Aliendelea mpaka mwisho wa alichokuwa akisema, na ilikuwa mbali. Yasmina aliitikia kwa kichwa kila baba yake alipovuta pumzi, kama watoto wanavyofanya mbele ya wageni wanaosema Kifaransa. Halafu naye akasema, akasema sana, wanja ukimtiririka. Radjabu akaitikia kwa kichwa. Walishikana mikono, gari la bwana harusi likapiga honi, honi ikasikika na wote.

Mwezi uliofuata wakurugenzi wa kampuni zote mbili walikutana katika hoteli moja ya Gitega kumaliza ugomvi. Walikaa meza moja, wakala samaki wakubwa, wakaongea mpaka saa ya chai, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa mteja mwaminifu wa kampuni yake, hakuna aliyemsikia mwenzake. Walipotoka, mmoja alitangaza kwamba ameshinda, na mwingine naye akatangaza. Afisa aliyetumwa kusimamia, aliyepewa na pande zote mbili zawadi ya laini na forfe, aliwasikia wote. Alisema ushindani una afya. Takwimu zilimuunga mkono: karibu kila mtu mjini alikuwa sasa na laini mbili, na soko lilikuwa limekua maradufu bila mtu mmoja kuongezeka.

Radjabu alisoma habari hiyo kwenye gazeti alilofungiwa vifungo vya mashati. Alimaliza kushona alichokuwa akishona, akafunga duka, akaenda kwa Vumilia.

"Nipatie ile kitu," alisema.

"Hongera, mzee wangu," alisema Vumilia, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kusema.

Alimpigia Yasmina palepale chini ya mwavuli. Yasmina alimuuliza alichosema siku ile mlangoni. Radjabu alijaribu. Alisema habari ya mvua, lakini hiyo Yasmina alikuwa nayo. Iliyobaki haikurudi, ilikuwa imesemwa mara moja na kwisha. Mwishowe akasema ilikuwa dua tu. Naye akauliza Yasmina alijibu nini.

"Nilikuwa nakuomba usiende, baba."

Yasmina alijifungua mwaka uliofuata, hospitalini Gitega. Radjabu alifika asubuhi, forfe yake hai mpaka Ijumaa. Chumba kilikuwa kimejaa shangazi, wakwe, na muuguzi Letisia, kila mmoja na kampuni yake, wengine na forfe na wengine bila, wakiongea vipande vipande. Kisha mtoto akalia.

Kila mtu alimsikia. Mama mkwe, aliyekuwa hajasikia neno la Radjabu tangu harusi, aliinua uso wakati uleule Radjabu alipouinua wake. Mazungumzo yakakoma. Walikaa wakimsikiliza yule mtoto wa kike akilia kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyembembeleza.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Waliingia mawakala wawili, fulana mbili za rangi mbili, kila mmoja na kikapu cha zawadi chenye sabuni, kofia ya sufu na laini ya kwanza ya mtoto, bure. Letisia akawasogezea kiti. Walikuwa vijana wenye malezi. Waliona mtoto bado analia, wakasimama pembeni na kusubiri amalize.