Mvule Ulioangushwa na Upepo

Mama mkwe huyu hakuwa wa kuchezewa. Fundi seremala, mikono imekomaa kwa randa, na akitaka kitu anakitaka kweli. Aliposikia kwamba tangu mwaka juzi mvule mkongwe umelala chini ndani ya msitu wa hifadhi, alikaribia kuruka. Mvule! Na sokoni siku hizi ni vibao vya kupinda tu! Bintiye alikuwa na mimba ya kwanza, naye fundi alitaka kumchongea mjukuu kitanda cha kurithiwa na vitukuu.

Tena mlinzi wa msitu ni mkwewe, na kanyamaza kimya muda wote huo!

"Mama," mkwe alisema, macho chini, jasho likimtoka, "humu kilichoanguka hakitolewi. Hata kuni."

"Kwa hiyo mbao ioze?"

"Ioze, mama."

"Makubwa! Na binti yangu nikakupa!"

Masikini, kumkatalia mama mkwe usoni! Alichoweza ni kumwomba akauone kwanza.

Wakaingia. Fundi alizoea kuukuta mti umeshakuwa mbao. Humu miti ilisimama mizima, mizizi yake imempita kimo, na matawi yamefumana huko juu hata jua likawa linapenya kwa shida. Hasira zikaanza kumwishia bila ruhusa yake. Akawa anatembea shingo juu, mdomo wazi, mkwe akimwonyesha pa kukanyaga na kumshika mkono kumvusha mizizi.

Mvule ulikuwa umelala kama ukuta wa nyumba. Fundi akaugonga, akakwangua gome kwa kisu. Kiini kizima, rangi ya asali!

Ndipo akatazama kando. Pale mti ulipoangukia, mbingu ilikuwa wazi, na kwenye ule mwanga miche ilijaa tele, mingine imeota mgongoni mwa gogo lenyewe, juu ya gome lililoota kuvu. Kuuburuta mvule nje kungeilaza yote. Akaupapasa mmoja kwa kidole. Alikuwa anaona raha, na alikuwa anaumia.

"Mkwe, nakijua kichwa changu," alisema, akirudisha kisu mfukoni. "Iko siku nitarudi hapa na msumeno. Nikamate."

"Mama! Wewe nitakukamataje?"

"Kwa mkono, mwanangu, kama hivi unavyonivusha mizizi. Ila usiniachie."