Geti la Malisho ya Juu

Mimi si mtu wa kugombana na redio, lakini siku ile niligombana nayo. Saa kumi na mbili asubuhi ilisema upepo wa madhara utatoka kaskazini-magharibi mchana kutwa, kilomita sitini kwa saa na vishindo vya kufika mia, na kwamba usiku utageuka, utoke kusini-magharibi na mvua ya baridi. Saa sita mchana, redio ileile, bwana yuleyule asiye na haraka, akasema mgeuko utawahi, sasa ni saa tisa alasiri. Simu nayo ilikuwa na lake, imechora kijua na kawingu kamoja. Nilisimama jikoni na mwiko wa supu mkononi nikauliza kwa sauti, "Sasa nyie, nimwamini nani?"

Kwa mwingine hayo yangekuwa maneno ya hewani tu. Sisi tulikuwa na kondoo majike mia na sitini malisho ya juu, wamenyolewa jana yake. Kondoo aliyenyolewa jana ni mtu aliyetolewa bafuni bila taulo. Upepo na mvua ya baridi vikimkuta pamoja, haioni kesho. Ndiyo maana redio ikimaliza habari za mabati na matawi huongeza tahadhari ya wafuga kondoo, na huku kwetu Australia, magharibi ya jimbo la Victoria, hakuna anayeizima kabla haijafika hapo.

Shamba ni letu wawili, mimi na kaka yangu Murray, tumeachiwa na baba. Yeye ana miaka sabini na moja, mimi sitini na sita. Mkewe alifariki, mimi sikuolewa, basi tukazeeka nyumba moja tukigombana asubuhi hadi jioni na wala hatujachoka. Mwaka ule Murray alikuwa ameanza kusahau. Aliteleka birika tupu, mara mbili. Alimsimulia fundi wa paa kisa kimoja mara tatu kwa asubuhi moja. Binti yake Kerryn, anayeishi mjini Geelong, alikuja Pasaka, akaona, akasema palepale mezani, "Baba, ukikosea jambo kubwa hata moja, nakuja kukuchukua. Sitaki nipigiwe simu umekutwa mtoni."

Murray aliitikia kwa kichwa tu. Tangu siku hiyo akawa anaandika kila kitu kwenye vikaratasi na kuvibandika kwenye friji. Na mimi, Mungu anisamehe, nikawa namcheka.

"Mzee, jina lako umeandika? Lisije likapotea."

"Nimeandika lako," alikuwa akinijibu. "Nisije nikamsahau anayenipigia kelele."

Tulicheka, lakini wote tulijua alichokuwa anakiogopa. Geelong angekaa kwenye chumba cha ghorofani, bila mbwa, bila kondoo, akitazama maegesho ya magari. Na mimi ningebaki peke yangu kwenye nyumba ya vyumba vitano.

Siku hiyo ya upepo Murray alikuwa ametoka na pikapu, na mbwa wetu Tinker, kwenda kumsaidia jirani kufunga mabati ya ghala la majani. Alikuwa amesikia tangazo la asubuhi tu. Mpango wake ulikuwa arudi saa kumi, tuwateremshe kondoo bondeni kabla giza halijaingia. Bondeni kuna safu ya miti minene aliyoipanda babu kukinga upepo, na mnyama akikaa nyuma ya ile miti anapona. Nilimpigia simu nimwambie saa zimebadilika. Haikupatikana. Nikapiga tena, na tena.

Kuswaga kondoo mia na sitini peke yangu, bila mbwa, na hii nyonga yangu? Thubutu! Lakini kufungua geti naweza. Kondoo hapigani na upepo. Anaupa mgongo na kutembea mpaka azuiwe na kitu. Upepo ukitoka kusini-magharibi utawasukuma hadi pembe ya kaskazini-mashariki, na pembe hiyo ndiyo yenye geti la kushukia bondeni. Likiwa wazi watajiteremkia wenyewe. Nilijipongeza kwa hesabu hiyo, maana nyumbani kwetu hakuna mwingine wa kunipongeza.

Nikapanda pikipiki ya magurudumu manne nikaenda juu. Ilikuwa saa saba. Upepo bado ulikuwa ule wa kwanza, mkavu, unanitia mchanga machoni, na kondoo walikuwa wamejibana kwenye uzio wa mbali, weupe na wembamba baada ya kuvuliwa sufu. Nikafungua geti. Nikapita, nikashuka bondeni kuangalia njia, nikakuta tawi limeanguka katikati, nikalifunga kamba nikalivuta pembeni. Nikarudi nyumbani. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka, na mbele ya hakimu ningeapa hivyohivyo.

Saa tisa na dakika kumi upepo ukageuka. Mabati ya mbele yaliyokuwa yanapiga kelele tangu asubuhi yakanyamaza, ya nyuma yakaanza. Baridi ikaingia chini ya mlango. Halafu mvua, halafu mvua ya mawe. Nikasogeza kiti karibu na jiko la kuni, nikanywa chai yangu nimeridhika kabisa, nikimwazia Murray atakavyokuja amechanganyikiwa na mimi nitakavyomwambia atulie, akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Saa kumi akaingia, maji yanamchuruzika hadi kwenye buti.

"Avis! Si walisema usiku?"

"Asubuhi walisema usiku. Mchana wakasema saa tisa."

"Nani kasema?"

"Redio."

"Redio ndiyo iliyosema usiku!"

"Murray, vua buti, unanichafulia. Geti la juu nimelifungua tangu saa saba. Saa hizi wako nyuma ya miti wanakuonea huruma wewe."

Hakuvua. "Nimepita njia ya bondeni sasa hivi. Hakuna kondoo kule."

"Mvua imekuziba macho."

"Hakuna, Avis."

"Nyuma ya miti umeangalia?"

"Nimeangalia." Akasita, mkono ukapanda kwenye paji la uso. "Nadhani nimeangalia. Nimesimamisha gari... au hiyo ilikuwa jana?"

"Jana walikuwa wananyolewa, ndugu yangu," nikasema, na nilisema kwa kejeli. Hata hivyo nilishaanza kuvaa koti.

Tulipanda na pikapu kwa njia ya bondeni. Kweli, nyuma ya miti hapakuwa na kitu. Nikajiambia, hawajafika tu, wako njiani. Tukapanda zaidi. Mvua ilikuwa inakuja ubavuni, huoni zaidi ya hatua ishirini, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa lundo jeupe nyuma ya geti, nikafikiri ni barafu ya mvua ya mawe. Halafu lundo likatikisika.

Geti lilikuwa limefungwa.

Walikuwa wamekuja kama nilivyopiga hesabu, pembe ileile, saa ileile. Wa mbele wakazuiwa, wa nyuma wakazidi kusukumwa, wakapandiana. Murray aliruka uzio, mzee wa miaka sabini na moja, akaanza kuwavuta kwa miguu na masikio na kuwatupa pembeni, analia kwa sauti, "Fungua! Avis, fungua!" Nikaushika mnyororo.

Shambani kila mtu ana mkono wake wa kufunga geti. Murray anazungusha mnyororo mara moja na kuutundika kwenye ndoano. Mimi nauzungusha mara mbili na kuchomeka ncha ndani, tangu nilipokuwa na miaka minane na dume la ng'ombe likasukuma geti nililolifunga ovyo. Jirani zetu wakiukuta mnyororo tu wanajua ni nani kapita. Mnyororo ule ulikuwa umezungushwa mara mbili, ncha imechomekwa ndani.

Mazoea yana taabu. Baba alitufundisha kwa mkanda, geti ulilopita likiwa limefungwa, nyuma yako ulifunge. Nilikuwa nimetoka bondeni, nimepita, na mkono wangu ukafanya ulichokifanya miaka sitini, bila kuniuliza. Nilijaribu kuikumbuka ile dakika. Nakumbuka tawi, nakumbuka kamba, nakumbuka mchanga machoni. Mkono kwenye mnyororo siukumbuki.

Nikaufungua. Tinker aliingia akawazungusha waliokuwa bado wana miguu, wakashuka, na sisi tukabeba waliolegea hadi kwenye pikapu. Waliobaki pale chini walikuwa ishirini na watatu. Wote walikuwa na mimba.

Murray alisimama katikati yao, mvua inampiga kichwani. Kofia ilikuwa imeshapeperuka.

"Geti kafunga nani?" aliuliza.

Niligeuka nikaanza kufunga mlango wa nyuma wa pikapu.

"Saa nane nilirudi nyumbani kuchukua ngazi."

"Sikukusikia. Upepo ulikuwa unapiga kelele."

"Nilipita barabarani au nilikatiza huku juu? Avis, nilipita wapi?"

"Sijui," nikasema. Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo kweli peke yake niliyoisema.

"Basi ni mimi," akasema. "Nimelikuta wazi nikalifunga. Ni mimi." Na akaanza kutikisa kichwa na hakuacha mpaka tulipofika nyumbani.

Ningesema palepale. Kila nikifikiria sasa, naona palikuwa na nafasi kati ya neno lake na neno langu, nafasi ya kutosha gari kupita. Lakini niliona aibu, na chini ya aibu palikuwa na hofu mbaya zaidi. Mtu unayemcheka kwa kusahau kila siku, utamwambia vipi kwamba wewe umesahau mkono wako mwenyewe? Nyani haoni kundule, ndiyo, lakini nyani akilionyeshwa anafanyaje?

Jirani alikuja na mashine akachimba shimo. Murray alisimama kando na hakuomba msaada wala hakutoa. Jumatano aliweka funguo za pikapu mezani mbele yangu. Akavibandua vikaratasi vyote kwenye friji, akavitia motoni. Nilimwuliza kwa nini. "Vimesaidia nini?" akasema. Jioni ileile alimpigia Kerryn na kumwambia yote, geti, ngazi, ishirini na watatu, na nilimsikia kutoka chumbani kwangu akisema, "Njoo tu, mama. Njoo Jumamosi."

Mimi siku hizo nilikuwa kichaa kidogo. Asubuhi nilijiambia labda Murray naye alizungusha mara mbili siku hiyo, kwa sababu ya upepo. Mchana nilijiambia labda nilikosea kuona, mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nilikwenda getini peke yangu nikafunga, nikafungua, nikafunga, nikisubiri mwili unikumbushe. Haukunikumbusha. Niliporudi nyumbani sikuwa na hakika nimeliacha wazi au nimelifunga, ikabidi nirudi tena kuangalia.

Jumamosi asubuhi begi la Murray lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba kwa sababu zipu yake mbovu. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Simu ikalia, akaiweka mezani katikati ya vikombe na kubonyeza sauti ya wote kusikia.

"Baba, nishapita Camperdown. Umeshafunga vitu?"

"Nimefunga."

"Dawa umeweka?"

Murray akalitazama begi. Hakujua. Nikaona anavyotaka kuinuka kwenda kuangalia na anavyoona aibu kuinuka.

"Kerryn," nikasema, "geti nililifunga mimi."

Kwenye simu tukasikia gari tu.

"Shangazi, usimfichie baba. Ameniambia mwenyewe."

"Simfichii. Mnyororo ulikuwa wangu, nimeuona kwa macho yangu. Yeye hakupita kule. Nilikwenda kulifungua, nikalifungua, nikalifunga, na sikumbuki. Mpaka sasa hivi ninavyosema na wewe sikumbuki, mwanangu. Na nimemwacha siku nne ajione yeye ndiye."

Nilisubiri Murray anitukane. Alikuwa na haki, na nilikuwa nimejiandaa. Hata kikombe angenitupia ningekaa kimya. Hakutukana. Akaivuta simu karibu na mdomo.

"Kerryn, begi nalifungua," alisema. "Mimi sendi popote. Nikiondoka, Avis atabaki na nani?"

Nilifurahi. Kwa pumzi moja nzima nilifurahi, nikidhani amenisamehe na mambo yamerudi yalivyokuwa. Halafu akaivuta sahani yangu ya mkate akaanza kuupaka siagi, taratibu, hadi pembeni, na akanikatia vipande vidogo, kama anavyokatiwa mgonjwa.