Kioo Kwenye Nguzo ya Mlango wa Mizigo

Mhandisi alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali, na siku alipobandika kile kioo hakuubania hata kidogo. Ghala la kusambazia bidhaa lilikuwa likipanuliwa huku kazi zikiendelea: ukuta wa nyuma umebomolewa ili la zamani liungane na jipya, na juu imejengwa ghorofa ya chuma ya kufungia mizigo. Nguzo ya karibu na mlango wa mizigo, iliyobeba ghorofa hiyo, ilikuwa na ufa mwembamba. Akalaza kipande cha kioo juu ya ufa, akakigandisha kwa plasta pande zote mbili. Nguzo ikisogea hata kidogo, kioo kitapasuka, naye atajua. Lakini hayo hakuwaeleza watu. Aliwakusanya wafanyakazi, akawakazia macho, akasema, "Atakayevunja kioo hiki akatafute kazi kwingine." Kisha akaenda zake, kichwa juu.

Tangu hapo kila alipokuja kukagua alikikuta kizima. Moyo wake ukatulia, na wiki hii akaruhusu ghorofa ipakiwe.

Asubuhi hii makatoni yalikuwa yamepangwa karibu kugusa paa, na wafungaji mizigo wakipiga soga huko juu. Msimamizi wao alikuwa binti wa mjomba wake, ambaye utotoni walilala kitanda kimoja wakigombania shuka. Mhandisi alimsikia akicheka, akatabasamu, akasogea kwenye nguzo kwa mazoea tu. Hapo tabasamu likamkauka.

Vumbi la saruji lilikuwa kila mahali: kwenye nguzo, kwenye swichi, hadi kwenye kope za walinzi. Kioo kilikuwa kinang'aa. Plasta iliyokishika ilikuwa bado mbichi.

Mjomba huyo mwenyewe, mkuu wa usafi pale ghalani, alikuwa akifagia karibu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona umebadilika sura?"

"Hiki kioo nani amekiweka?"

Mzee alitazama huku na huku, akamsogelea.

"Sema polepole, utaniumbua mbele za watu. Hawa vijana wa foklifti wana haraka, wanakigonga, ukiwauliza kila mmoja anaruka kimanga. Sasa niwaache wafukuzwe, halafu wewe uonekane mbaya? Nina fremu za picha kibao nyumbani. Kikivunjika, nabadilisha. Mjomba wako si wa jana."

"Umebadilisha mara nyingi?"

"Mwanzoni kwa nadra. Ila tangu mpakie huko juu, kila nikija nakikuta kimepasuka. Hicho nimekiweka sasa hivi."

Mhandisi aliinua macho kwenye makatoni. Kabla hajajibu, pakasikika "ta", kama ukucha ukigonga kikombe. Mpasuko ulikuwa umepita katikati ya kioo, ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na foklifti karibu.

Mjomba akainua mikono yote miwili. "Sijakigusa. Umeona mwenyewe, mama, sijakigusa."

"Najua, mjomba."

Aliona haya kuliko alivyowahi kuona, lakini hofu iliisukuma haya kando. Akaenda chini ya ngazi. Ilikuwa ngazi moja tu, na ilifungwa kwa bolti kwenye nguzo ile ile.

"Jamani, naombeni mwache kila kitu," akaita. "Shukeni mmoja mmoja, taratibu, mtoke nje kabisa."

Walioizoea sauti yake walishtuka kusikia upole. Wakashuka bila kubisha.

Binti wa mjomba alibaki wa mwisho, maana yeye ndiye msimamizi. Alipoweka mguu kwenye ngazi, nguzo ikalia kwa ndani, na vumbi likaanza kumwagika kutoka kwenye ufa.

Mjomba alitupa ufagio. Akaweka bega kwenye nguzo, akakita miguu.

"Mjomba, toka hapo. Haisaidii kitu."

"Mwache mwenzio ashuke kwanza."

Mhandisi alijua uzito wa ghorofa ile. Yeye ndiye aliyeupiga hesabu. Alijua pia bega la mtu ni nini mbele yake. Akazunguka upande wa pili wa nguzo, akaweka na lake.