Mtaa wa Mistari Iliyokatika

Mwasiti analala na kalamu mkononi. Ni saa nane mchana, meza ya kuchorea ina joto, na shavu lake limelala juu ya mchoro wake mwenyewe, maana tangu juzi hajafumba jicho na saa kumi jopo linakaa kumhoji. Binti huyu anasoma vitu viwili chuoni, usanifu wa majengo na elimu ya jamii. Huku anachora kuta, kule anawasoma wanaoishi ndani ya kuta, na wenzake wa pande zote mbili wanamcheka kwamba siku moja atapasuka msamba. Karatasi inalainika chini ya shavu lake. Ule mlango mdogo wa Bi Siwatu, mmoja wa wenyeji wa mtaa anaouchora, alioupiga kwa bikari jana, unajifungua wenyewe, naye anapita.

Ni Mtaa wa Vibanzi, anaujua, mwaka mzima ameupima nyumba hadi nyumba kwa utepe. Lakini sasa mtaa umekuwa miwili, wa kulia unautazama wa kushoto kama uso na kioo, na barabara ya katikati kila anapoitembea inazidi kurefuka. Na nyumba zote zimekatikakatika. Ukuta kidogo, uwazi, ukuta kidogo, uwazi, upepo unaingia na kutoka unavyotaka. Kando ya njia amesimama mtu asiye na uso. Mwasiti anamtambua, ndiye yule anayechorwa ubavuni mwa jengo ili mtazamaji ajue mlango una urefu gani. Amemchora mara mia na hajawahi kumpa macho. Mjomba, anamuuliza, nyumba hizi zimepatwa na nini? Zimepatwa na wewe. Mimi nimezichora tu. Ndiyo, anasema yule mtu, hata mkono ulioandika talaka uliandika tu. Nieleze vizuri basi, mjomba. Kuna kitu hapa kikichorwa kinatoweka, anasema, na kisipochorwa kinakaa, njoo tukitafute. Wanatembea, au barabara ndiyo inayotembea, mpaka Bi Siwatu anaonekana ndani kwake akigeuza vitumbua, nusu yake ukutani na nusu hewani. Shikamoo, bibi. Marahaba, mwanangu, pita, usihangaike kubisha, siku hizi mlango ni popote. Mwasiti hana pa kuangalia. Siku ile ulipokuja kupima, anasema bibi, nilikuvutia kitanda utepe wako upite. Nikakuonyesha na ufa niliouziba kwa kalenda, ufa ambao hata marehemu mume wangu hakuujua. Ufa sikuuchora, bibi, nakuapia. Najua hukuuchora. Umetuchora sisi wote nyufa. Nani kakufundisha kuchora watu hivi?

Swali hilo linaipinda barabara. Inawaingiza kwenye darasa ambalo Mwasiti hajawahi kukanyaga, darasa la Alhamisi, kwa sababu Alhamisi yeye huwa jengo la pili akisoma elimu ya jamii. Mbele ya ubao amesimama Dokta Kalumuna, msimamizi wake, anayemwita mwanangu, na wanafunzi wasio na nyuso wanaandika anachosema. Mstari mzima, jengo linabaki. Mstari uliokatika, jengo linabomolewa. Basi, somo la siku ya kwanza, kila mtoto wa usanifu analijua isipokuwa huyu mmoja aliyegawanywa kati. Mwasiti anashika kizingiti. Ni Kalumuna huyuhuyu aliyemwambia, nyumba za udongo zichore kwa mistari ya kukatika, mwanangu, ndiyo adabu ya fani. Na saa kumi mchoro huo wenye jina la Mwasiti chini unakabidhiwa kwa wageni wa manispaa walioalikwa kwenye jopo, ushahidi kwamba mtaa umepimwa, wenyewe wamefungua milango, na pa kupita tingatinga pamejulikana.

Tusidanganyane. Tingatinga haliji kwanza, linakuja mwisho. Kwanza anakuja kijana wenu mwenyewe, amesoma, ana salamu nzuri. Walioondolewa bondeni wanakumbuka, na wa relini kabla yao wanakumbuka: siku zote kulikuwa na karatasi, na siku zote aliyeichora alikunywa chai yao.

Dokta, ulijua Alhamisi mimi sipo. Nilijua, ruhusa yako nilisaini mwenyewe. Sasa mbona? Ungejua, usingechora, anasema Kalumuna, wala hajaudhika. Na mimi nikienda kule wanafunga mpaka madirisha. Wewe wanakuvutia kitanda. Mwasiti anakimbia na kalamu, anauunga ukuta wa Bi Siwatu, na ng'ambo, kwenye mtaa wa kioo, ukuta uleule unakatika. Anakwenda kuuunga ule, huu unafunguka. Anakimbia kulia, anakimbia kushoto, wino unamtiririka hadi kiwiko. Mjomba, ziungwe kwa kitu gani? Kwa kisichochorwa, anajibu asiye na uso. Acha mafumbo wewe, anafoka Bi Siwatu kutoka jikoni, mtoto anateseka. Mwasiti, weka kalamu chini, sauti haichorwi. Una mdomo, au nao umeuacha darasani?

Mwasiti, wanakuita, inasema sauti, na yuko kwenye ukumbi mrefu kuliko alivyouzoea, ananyanyuka au alikwisha nyanyuka, na kwenye vioo vya madirisha Mwasiti mwingine anakwenda naye hatua kwa hatua. Anajifinya. Inauma, lakini hata kule iliuma. Mchoro umetundikwa. Wageni wana mafaili mapajani. Karibu, mwanangu, anasema Kalumuna, waeleze wageni wetu mistari hii. Mwasiti hajui ameamka au la, na anaona hana muda wa kungoja ajue. Nyumba hizi zote zinabaki, anasema. Hazikupaswa kukatwa hata moja, na aliyeniambia nizikate ni huyu anayenikaribisha. Jamani, anasema Kalumuna akitabasamu, binti hajalala siku mbili. Wageni wanacheka, isipokuwa mama mmoja wa mwisho wa mstari, ambaye anafungua daftari na kuuliza, hii ya kwanza pembeni anakaa nani? Mwasiti anaanza na Bi Siwatu, chumba kwa chumba, mtu kwa mtu, na kama hii ni ndoto, hana nia ya kuamka kabla hajafika nyumba ya mwisho.