Mashini ya Ndani

Josias alianza na kidole kidogo cha Bertille. Alikivunja kwa kitako cha bastola, juu ya meza ileile ambapo Bertille aliwachapia watu barua zao, katika biro yake, ofisi ndogo karibu na stesheni ya Kalemie.

"Bado tisa," alisema. "Majina ya wale wamama iko wapi?"

Wanawake thelathini na wawili. Waliwaona wapiganaji wa Josias wakichoma kijiji chao kwenye barabara ya Nyunzu, wazee wakiwa bado ndani ya nyumba. Bertille ndiye aliyechapa ushuhuda wao, na Jumatatu wakili Mado angeupeleka mahakamani. Josias akipata majina leo, hiyo Jumatatu hakuna shahidi atakayekuwa hai.

"Nafungua, chef. Usinipige."

Laptopu yake ilibeba mifumo miwili. Wa nje ulikuwa Linux, na humo aliweka kazi za siri. Ndani ya Linux, kwa programu maalumu, aliendesha Windows, nayo ilijiona kompyuta kamili. Flashi za wateja zilijaa virusi, basi alizifungulia humo tu; virusi vikila, vitakula mashini ya ndani peke yake. Hiyo ndiyo aliyoiwasha sasa, akaitandaza ikajaza kioo kizima.

Josias akapekua. Barua za shule. Mialiko ya harusi. Akamzaba Bertille kofi, damu ikaruka kwenye kibodi.

"Unanichezea? Futa yote!"

Bertille akafuta, kisha akaizima. Hapo ndipo alipokosea. Mashini ya ndani ilipozimika, dirisha lake lilijifunga, na Linux ikajitokeza nyuma yake, inang'aa, mafaili yote wazi.

"Na hii njo nini?" Josias aliuliza. "Si umezima?"

Aliyejibu ni Edouard, fundi wa kompyuta wa Josias, aliyesimama ukutani tangu mwanzo; alisoma na Bertille dawati moja.

"Chef, ziko mbili. Alituonyesha ya ndani. Majina iko mu ya inje."

"Edouard! Nimekula kwa mama yako, kwa Mama Cécile!"

"Nyamaza, Berti. Na mimi nataka kuishi."

Josias akacheka, akaweka bastola mezani, akainama asome. Bertille aling'oa regileta, lile sanduku la chuma linalotuliza umeme, akalishusha kisogoni pa Josias. Mfupa ulipasuka. Akalishusha tena. Mara ya tatu, kilichokuwa sakafuni hakikusogea.

Laptopu iliendelea kuwaka kwa betri. Edouard alikuwa ameganda ukutani, suruali imelowa. Bastola sasa ilikuwa mkononi mwa Bertille.

"Kaa. Mutumie wakili majina."

Akatuma.

"Imefika. Niachilie, dada."

"Bado. Fungua ukurasa mupya. Siku ile ya kuchoma, ulikuwa wapi?"

"Berti..."

Mdomo wa bastola ukamgusa sikio.

"Nilibeba bidoni ya mafuta."

"Andika hivyo. Shahidi wa thelathini na tatu. Anza na jina lako."