Ndimu Juu ya Jiwe la Kijani

Magdalena alitaka kitu kimoja tu duniani: jiko la mwanawe. Alituambia waziwazi, sisi jirani zake wa Mugoma, kwamba anayeshika jiko ndiye anayeshika nyumba, na kwamba hakumsomesha Marcel kwa jembe la mkono ili mwanamke mwingine aje kumkatia kitunguu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, alisema, na yeye alikwishakuwa zizini.

Basi Marcel, wakala wa forodha pale mpakani Kabanga, alipojenga nyumba yake, alikwenda na mama yake Mwanza kuchagua mawe. Sisi huku kila kigae cha kiwandani tunakiita marumaru. Hii ilikuwa marumaru yenyewe, jiwe lililokatwa mabamba marefu kuliko kitanda. Muuzaji aliyamwagia maji bamba baada ya bamba ili yaoneshe rangi. La kijani hafifu Marcel alilikataa, akasema limepauka kama mboga iliyolala. Akachagua la kijani kizito, kijani cha jani la mgomba baada ya mvua, lenye mishipa myeupe. Mabamba mawili ya jiwe moja yangesimama ukutani sebuleni, yamefunguliwa kama kitabu, mishipa ikitazamana, na kuta nyingine zibaki nyeupe ili jiwe lisigombane na kitu. Bamba la tatu lingekuwa meza ya jikoni.

Hapo simu ikaita, malori yamekwama mpakani, Marcel akatoka nje kupiga kelele. Magdalena akabaki na muuzaji.

"Kwa jikoni ningewashauri graniti, mama. Hii mishipa myeupe inaliwa na ndimu. Leo inang'aa, kesho imeota ukungu, na haufutiki kwa kitambaa."

"Ndimu ikikaa muda gani?" Magdalena aliuliza.

Muuzaji alifurahi kumpata mama mwangalifu namna ile. "Hata kabla maharage hayajaiva, imeshaharibu."

Magdalena akashukuru, na neno lile akalimeza. Mwanawe aliporudi ndani alimwambia tu kwamba jiwe ni zuri.

Marcel alilipenda lile jiwe kupita kiasi. Tena niseme nilivyoona: alilipenda kijinga. Kila asubuhi alilifuta kwa leso yake mwenyewe kabla ya kwenda kazini. Ukiweka kikombe juu yake bila kitambaa, alinuna mpaka jioni. Wageni walioneshwa jiwe kabla hawajapewa kiti. Magdalena alipika pale kwa uangalifu wa mtu anayemnyoa mtoto, na ndimu hazikuonekana jikoni.

Kisha Marcel akaleta habari za mchumba. Niyokwizera, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa wakulima wa Kasulo ambao wazee wao walivuka kutoka Burundi.

"Mkimbizi ashike jiko langu?" Magdalena alituuliza. Tulimwambia binti kazaliwa hapa hapa. Akatema mate pembeni.

Kwetu mchumba akija kutambulishwa hupewa kazi jikoni, na kazi ile haikataliwi wala haiulizwi maswali. Wakwe wanatazama mikono na adabu. Niyokwizera alikuja Jumapili baada ya ibada, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sauti ilikuwa tamu mno. Sisi tuliokuja kusaidia kupika tulitazamana.

Mezani palikuwa na sato wakubwa, wameshapasuliwa, na rundo la ndimu.

"Wakamulie ndimu, uwageuze, uwaache walowe. Hapo hapo juu ya jiwe."

Binti alisita. "Nitafute bakuli, mama?"

"Mabakuli yana kazi. Au huko kwenu mkwe huambiwa mara mbili?"

Niyokwizera akainamisha kichwa, akakamua. Alikamua vizuri, maskini, hakuacha hata tone ndani ya ganda. Magdalena akampeleka uani kuchambua mchele, akamshikilia huko kwa maneno ya upendo mpaka maharage yakaiva.

Samaki walipoondolewa na jiwe kupanguswa, mishipa ilikuwa imefifia, na umbo la kila samaki lilikuwa pale, kichwa na mkia. Magdalena akapiga ukunga. Marcel akaja mbio kutoka sebuleni. Alipitisha kidole juu ya jiwe, akarudia tena, kisha akamgeukia binti.

"Hata bakuli hukulijua? Mwalimu mzima!"

Niyokwizera alimtazama Magdalena, akimngoja aseme. Magdalena alikuwa anakoroga mboga. Sisi pia tulipata sufuria za kutazama, maana nani agombane na mwenye chakula? Binti akaelewa kila kitu. Hakumtaja mtu. Alisema, "Nisamehe," akavua kanga aliyofungwa ya kupikia, akaikunja, akaiweka juu ya kigoda, akaondoka bila kula. Marcel hakumsindikiza hata hadi barabarani. Alikuwa anatafuta kitambaa laini.

Magdalena alicheka wiki nzima. Alitusimulia habari ya muuzaji mwanzo hadi mwisho, akipiga mapaja, nasi tukacheka naye. Jiko lilikuwa lake.

Ila Marcel hakulala kwa ajili ya lile jiwe. Akampigia muuzaji kuuliza kama laweza kung'arishwa upya. Aliiweka simu mezani, sauti nje, mama yake akiwa pale pale anamenya ndizi.

"Lakini nilimwonya mama yako siku ile," sauti ikasema. "Hata aliniuliza ndimu ikikaa muda gani."

Magdalena akaweka kisu chini. Majibu alikuwa nayo tayari. Angesema alimwokoa mwanawe, kwamba mama ndiye ajuaye, kwamba wasichana wapo tele. Alingoja jina la Niyokwizera litajwe aanze.

"Ulijua," Marcel alisema, "na hukuniambia. Ningeweka graniti."

Basi. Jina la binti halikutajwa siku ile wala siku nyingine. Magdalena alituambia hilo ndilo lililomkata maini, kwamba mwanawe hakumlilia mchumba hata kidogo, alililia jiwe.

Fundi aliling'oa bamba, akapachika graniti nyeusi. La kijani likawekwa juu ya matofali katika jiko la nje, kando ya mafiga, na kitanda cha Magdalena kikahamishiwa chumba kilicho pembeni ya jiko hilo. Mlango wa jikoni ndani ukapata kufuli, ufunguo anao Marcel.

Juzi tulimkuta huko, amekaa kwenye moshi, anamkamulia ndimu samaki wake mmoja ndani ya bakuli. Tukamtania: bakuli la nini tena, na jiwe limeshaharibika?

"Nyamazeni," alisema, akachungulia uani. "Marcel hupita kila asubuhi kulikagua."